Mkutano Uliokosa Mnenaji

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja kule Arusha, kazi yake kukagua programu za kompyuta kabla hazijafika kwa wateja. Vijana wakishaziandika, yeye anazijaribu, anatafuta kasoro. Kuona kasoro alikuwa hodari. Kusema mbele za watu ndiko kulikomshinda. Miaka minane kwenye meza ileile! Kikao kikianza anainamisha kichwa, kikiisha anaondoka kimya. Ofisini walimwita Mama Tumsifu, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Sasa, wenzetu wa kazi hiyo wana utaratibu wanaouita Ajaili. Neno lisikutishe. Maana yake mnaigawa kazi vipande vidogo, kila wiki mbili mnamwonyesha mteja mlipofikia, mnaambiana ukweli mlipokosea, mnarekebisha mapema. Laiti na sisi tungefanya hivyo kwenye ndoa zetu! Lakini hilo lina siku yake. Watu wa Ajaili pale mjini hukutana Jumamosi moja kila mwezi kufundishana, na hakuna anayelipwa. Siku moja wakaomba mtu wa kuandikisha wageni mlangoni. Mama yule, hata mwenyewe hakujua kilichompata, akanyoosha mkono.

Akaanza na orodha ya majina. Baadaye wakamwachia chai, kisha ukumbi, kisha kazi ya kuwatafuta wanenaji na kuwabembeleza wafike kwa wakati. Mwenzake mmoja ofisini akamcheka.

"Mama Tumsifu, Jumamosi nzima unawahangaikia watu bure? Watakupa nini?"

"Hakuna," akajibu. Neno hilo likamchoma moyoni, lakini Jumamosi iliyofuata akarudi.

Ukafika mkutano wao mkubwa wa mwaka, naye ndiye aliyekabidhiwa kuuandaa. Saa tatu asubuhi, watu mia mbili wameshaketi, mnenaji mkuu akapiga simu: gari limeharibika njiani, hatafika. Mama yule akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Ndugu yangu, wewe ungefanyaje? Si ungetafuta mlango wa uani? Yeye pia aliutafuta kwa macho. Ulikuwapo, tena uko wazi.

Akatoka kwa mlango wa ukumbini. Akashika kipaza sauti.

"Mgeni wetu hatafika," akasema. "Sina mtu wa kumweka mahali pake. Ila kila mmoja wenu ana jambo linalomkwamisha kazini. Liandike kwenye karatasi, tuzibandike ukutani, tukae kwa makundi tusaidiane."

Mzee mmoja mwenye miwani akasimama, akaandika la kwake, akalibandika. Nusu saa haikupita, ukuta umejaa. Watu walizungumza mpaka saa nane, ikabidi wakumbushwe chakula. Mama yule akapita kundi kwa kundi, hapa anamtuliza anayesema sana, pale anamtia moyo aliyejikunyata.

Jumatatu ikaja. Ofisi yao ilikuwa inapunguza watu, barua zilishaanza kutoka. Bosi akamwita. Alipanda ngazi akiwaza atawaambia nini watoto.

"Funga mlango, mama. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkutano, bosi. Lakini haikuwa siku ya kazi."

"Najua. Na mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma kabisa. Miezi minne natafuta mtu wa kuongoza ile timu yetu iliyokwama. Nimehoji watu kumi na mmoja. Nataka uishike wewe."

"Mimi? Bosi, mimi sijawahi kuongoza watu."

"Na wale mia mbili ulikuwa unawafanya nini?"

Wapendwa, mama alikaa kitini bila kukaribishwa. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni. Akacheka, akalia, akacheka tena. Barua aliyoiogopa haikuwa yake. Na lililompa nafuu zaidi ni hili: miaka minane alijiona bubu, kumbe si bubu.

Sasa msitoke hapa mkasema mchungaji amefundisha kwamba ukijitolea utapandishwa cheo. Sikusema hivyo. Wapo wanaojitolea mpaka wanazeeka, na hakuna bosi anayekaa nyuma kuwatazama. Tena huyu mama angekuwa anakitafuta cheo, mwezi wa pili angeshaacha. Nawauliza: alikua lini? Alipoitwa na bosi? Hapana! Alikua kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, wala mwenyewe hakujua. Cheo kilimkuta amekwisha kukua.

Na sisi je? Likisomwa tangazo hapa kwamba wanahitajika watu wa kuandaa semina ya vijana, ghafla kila mtu anatazama simu yake. Tunasema, "Sina kipawa." Nani alikuambia kipawa hutangulia kazi? Kila Jumapili tunapiga magoti, "Bwana, nikuze." Jamani, alishatujibu! Lile tangazo la semina la wiki iliyopita ndilo lilikuwa jibu lake. Mzee wa kanisa, hebu inyanyue hiyo karatasi ya majina ya waliojitolea waione. Juu kidogo. Mnaiona?

Ni nyeupe.