Waliolisema Duka la Bi Pimbi

Kama duka ni baya kiasi hicho, mbona kila asubuhi mnapangana mlangoni kwake?

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, mbele ya watu wazima watatu wenye masikio mazima, na hakuna aliyejibu. Mmoja alikohoa. Mmoja alijikuna. Mmoja alisema jua la siku hizi limezidi. Nani aliuliza, na kwa nini walinyamaza, ndiyo ngano yangu. Sogeeni kwenye moto, na mwenye simulizi ndefu kuliko yangu asubiri zamu.

Ngano iko njiani!

— Tumesikia hatua zake!

Imebeba nini?

— Imebeba watu na maneno yao!

Niifungulie?

— Ifungulie, ikae kati yetu!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mitaa na majirani, palikuwa na mtaa ukiitwa Kichuguuni. Pale njia ya kisimani inapokutana na njia ya sokoni palikuwa na jiwe, chini ya jiwe palikuwa na duka, na ndani ya duka alikuwamo Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mnene kama mto wa kulalia, mkia hana. Bi Pimbi huyu alikuwa mjane, hana mtoto, hana shamba. Alichokuwa nacho ni lile duka.

Na alikuwa na mtindo wake. Hakuuza gunia, hakuuza debe. Alipima. Ukitaka mafuta ya kukaangia yai moja, alikupimia mafuta ya yai moja. Ukitaka nusu kitunguu, alikikata, na nusu iliyobaki aliilaza kwenye kibao, uso chini, imsubiri mwingine mwenye haja ya nusu. Na kila aliyefika aliambiwa maneno yaleyale:

"Umeamkaje, jirani? Sema kidogo chako, nikupimie."

Kwa hiyo wanyonge wa Kichuguuni walikula. Hawakuvimbiwa, lakini walikula, tena bila kumwona mtu akiwakunjia uso.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ujinga. Kichuguuni kitu kizuri hakikusifiwa. Walisema ukikisifu, kijicho kinasikia, kinakuja kukichukua. Mtoto akizaliwa mnono, majirani walisema, "Kibaya hiki, kama chura!" Bibi harusi akipendeza, walisema, "Haya, atafaa hivyohivyo." Na duka la Bi Pimbi, kwa kuwa walilipenda kuliko vyote, walilisema kuliko vyote. Ukimuuliza yeyote, jibu lilikuwa moja:

"Duka gani lile! Tunaenda tu kwa sababu liko karibu."

Kulisema ndiko kulikuwa kulilinda. Hivyo ndivyo walivyoamini, na walijiona werevu sana. Lakini Bi Pimbi alikuwa ameolewa pale akitokea Majabali, na Majabali mtu akikwambia unga wako una mchanga, basi una mchanga. Desturi ya Kichuguuni hakuna aliyewahi kumweleza. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumweleza.

Siku moja Ngiri, mfanyabiashara wa magunia, aliitazama ile kona akaitamani. Akaenda mtoni kwa Mzee Kiboko, mwenye kiwanja, ambaye tangu azaliwe hajafika Kichuguuni hata kwa msiba.

"Mzee, nipe ile kona. Yule bibi anauza vijiko na vijiganja. Mimi nitajaza duka mpaka juu."

Mzee Kiboko akasema, "Mimi si dhalimu. Nitawauliza wanunuzi. Wakimsifu, abaki. Wakimkataa, ahame."

Akamtuma Korongo. Korongo alikuwa mtu wa kazi moja: neno utakalompa, atalifikisha kama lilivyo. Hapunguzi, haongezi, na, nasikitika kusema, hafikiri.

Korongo akatembea, akatembea, akatembea, akafika mlangoni kwa Mama Kanga, mwenye vifaranga kumi na wawili.

"Hodi! Nauliza habari za duka la kona."

Mama Kanga alikuwa anasonga ugali, na unga ni wa wapi? Wa Bi Pimbi, wa kiganja kimoja kimoja, aliopimiwa na kuongezwa kidogo kwa ajili ya yule kifaranga mgonjwa. Moyoni alisema: Mungu ailinde kona ile. Mdomoni alisema:

"Duka gani lile! Unga una mchanga. Tunaenda tu kwa sababu liko karibu."

Korongo akatembea, akatembea, akatembea, akafika kwa Mzee Fuko, asiyeona vizuri, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia.

"Hodi! Nauliza habari za duka la kona."

Mzee Fuko kila asubuhi alikwenda kununua chumvi. Chumvi ilimjaa ndani mpaka kwenye viatu. Alikwenda kwa sababu tangu mkewe azikwe hapakuwa na mwingine aliyemuuliza ameamkaje. Moyoni alisema: Yule mama Mungu amtunze. Mdomoni alisema:

"Duka gani lile! Mwenyewe ana maneno mengi, anakusumbua na salamu. Tunaenda tu kwa sababu liko karibu."

Korongo akatembea, akatembea, akatembea, akafika kwa Punda, dobi wa mtaa. Mama Kanga na Mzee Fuko walikuwa wamekwisha kumfuata nyuma wasikie mwenzao atasema nini. Mtaa ni mtaa.

"Hodi! Nauliza habari za duka la kona."

Punda alifulia watu nguo kwa kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu, kwa kuwa mche mzima hakuuweza. Bila kipande kile hana kazi, na bila kazi hana nyasi. Akasema:

"Duka gani lile! Sabuni haitoi povu. Tunaenda tu kwa sababu liko karibu."

Juu ya kamba ya nguo alikuwa ametua Chiriku, binti mdogo, ndege wa kusema. Chiriku aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule, akauliza:

"Samahanini, wakubwa. Kama duka ni baya kiasi hicho, mbona kila asubuhi mnapangana mlangoni kwake?"

Fuko akakohoa. Punda akajikuna. Mama Kanga akalisema jua, kisha alipoona halitoshi akamgeukia binti:

"We mtoto, nani kakuita? Kwa mdomo huo hutapata mume!"

Jamani! Binti kauliza habari za sabuni na unga, kajibiwa mume! Mume kaingiaje hapo? Basi, naendelea.

Chiriku akamwambia Korongo, "Bwana, usiyapeleke maneno hayo. Hawasemi kweli."

"Wewe ni mnunuzi?"

"Mimi naokota punje zinazomwagika mlangoni kwake. Naona kila kitu."

"Kuona si kununua. Nimetumwa maoni ya wanunuzi."

Akaondoka nayo yote matatu, akayafikisha kama yalivyo.

Siku ya pili Korongo alirudi, akasimama mbele ya duka wakati wanunuzi wamejipanga, akayasoma mbele yao. Mama Kanga: unga una mchanga. Mzee Fuko: mwenyewe anasumbua na salamu. Punda: sabuni haitoi povu. "Kwa hiyo Mzee Kiboko anasema uhame, Bi Pimbi. Leo."

Bi Pimbi aliweka kisu chini. Hakulia, hakupiga kelele. Alimwangalia mmoja, akamwangalia wa pili, akamwangalia wa tatu.

"Mama Kanga, maneno ya mchanga nimeyasikia siku nyingi. Ndiyo maana unga wako nilikuwa nauchekecha mara tatu. Sikuwahi kuuona huo mchanga. Nikasema labda macho yangu yamezeeka. Nisamehe. Mzee Fuko, sikujua kama nakusumbua. Punda, mwanangu, ungeniambia mapema, ningetafuta sabuni nyingine."

Mama Kanga alifungua mdomo. Kuomba radhi kungekuwa kusifu, na kusifu kungekiita kijicho. Akaufunga.

Bi Pimbi akafunga mizani yake kwenye kanga ya zamani. Chiriku akaruka haraka, akatua kwenye kibao na kauri moja mdomoni, pesa ya siku hizo, mali yake yote.

"Shikamoo, Bibi. Kabla hujafunga, nipimie chumvi ya kauri moja."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe chumvi ya nini? Huna hata chungu."

"Nipimie tu, Bibi."

Akampimia, akamwongeza kidogo. Kisha akajitwika mzigo, akashika njia ya Majabali kwa dada yake.

Chiriku akaruka moja kwa moja mpaka mtoni, chumvi mdomoni, akaitua mbele ya Mzee Kiboko.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ni mnunuzi wa Bi Pimbi, na ushahidi wa chumvi ni huo hapo. Maoni yangu ni haya: anapima kwa haki, anaongeza kwa huruma, na wale watatu wamelisema duka kwa kuogopa kijicho, si kwa ubaya wake."

Mzee Kiboko akapiga mwayo mrefu, mwayo wa mwenye viwanja. "Marahaba. Wewe mmoja, wao watatu. Waje wenyewe, wayaondoe maneno yao kwa midomo yao. Nawapa siku tatu. Zikipita, kona ni ya Ngiri moja kwa moja." Chiriku akarudi na neno hilo mtaani, lakini hakuna aliyethubutu kwenda.

Ngiri alikuwa amekwisha kuingia. Magunia mpaka juu, kweli, hakusema uongo.

Siku ya kwanza Mama Kanga akaenda. "Nipimie unga wa kiganja kimoja."

"Gunia, au ondoka."

Akaondoka. Kifaranga mgonjwa akalala bila uji.

Siku ya pili Punda akaenda. "Nikatie kipande cha sabuni."

"Katoni, au ondoka."

Akaondoka. Nguo za watu zikabaki na matope.

Siku ya tatu Mzee Fuko akaenda, akasimama mlangoni, akasubiri. Akasubiri. Akasubiri. Ngiri akapiga kelele, "We mzee, unaniziba mwanga! Unataka nini?"

Mzee Fuko akafikiri, akaona anachokitaka hakiuzwi pale. Akarudi kwake polepole, akigusa ukuta.

Chiriku akawakuta wote watatu kwenye kamba za Punda, wameinama.

"Siku zinaisha leo. Twendeni mtoni mkaseme kweli."

"Tutasemaje, binti yangu?" alisema Mama Kanga, na safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Tukilisifu duka, kijicho kitalichukua."

Chiriku akapandwa na hasira, manyoya yakamsimama.

"Kitachukua nini, Mama? Duka limefungwa! Mwenyewe kahama! Mmeogopa kijicho mpaka mmefanya kazi yake wenyewe, na mmeifanya vizuri kuliko chenyewe!"

Hapo hata Punda alielewa, na Punda si mwepesi.

Wakatembea, wakatembea, wakatembea, wakafika mtoni jua likianza kuinama. Mama Kanga akatangulia. Alikuwa hajawahi kusifu kitu kwa sauti tangu yai lipasuke akatoka.

"Unga wa Bi Pimbi," alisema, "ni safi." Akafumba macho, akingoja mbingu imwangukie.

Mbingu ilikaa pale pale.

Akafumbua jicho moja. "Ni safi sana! Na mwanangu alipougua alituongeza, hakusema neno!"

Punda akasema, "Sabuni yake inatoa povu. Jingi. Kisu kile ndicho kinachonilisha."

Mzee Fuko akasema, "Ananiuliza nimeamkaje."

Mzee Kiboko alizama, akaibuka, akatikisa masikio. "Ngiri akauze magunia yake sokoni. Mwiteni bibi."

"Asitumwe Korongo," alisema Mama Kanga. "Tutakwenda sisi."

Wakapanda Majabali kwa miguu yao, wakamkuta Bi Pimbi ameketi mlangoni kwa dada yake, mizani bado imefungwa. Aliwaona, akanyanyuka kwa mazoea, akasema, "Umeamkaje, jirani?" kisha akasita, akaziba mdomo kwa mkono, kama mtu aliyekosea.

Mzee Fuko akapapasa hewa mpaka akaupata mkono ule, akaushusha.

"Niulize tena," alisema.

Bi Pimbi akamuuliza. Mzee Fuko akamjibu. Akamjibu kirefu, tangu usingizi ulivyokuwa mpaka ndoto, na wengine wakakaa chini kusubiri, kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake la kumwambia, na Bi Pimbi alitaka kuyasikia yote kabla hajaufungua mzigo.

Alirudi. Kichuguuni wanakula hadi leo, kidogo kidogo.

Funzo ni hili: neno zuri ulilolificha halimlindi mtu. Linamwacha peke yake na yale mabaya uliyoyatoa. Anayetaka kunipinga anyooshe mkono, nina muda wa kutosha na koo halijakauka.

Ngano imekuja, imekaa, imekula.

— Iende salama, itusalimie ilikotoka!

Na mimi nina ombi moja. Kesho ukienda duka la kona ya kwenu, mwambie anayekupimia jambo moja analolifanya vizuri. Mwambie mwenyewe, kwa sauti, asikie.