Kompyuta Yawekwa Mahabusu

Akiba za wauza dagaa zilipoyeyuka benki, meneja Kihwelo aliwatuliza kwa upole. "Hakuna mtu aliyeiba. Kompyuta ndiyo iliyozihamisha."

"Peke yake?" aliuliza Siwema, mmoja wao.

"Peke yake. Hakuna binadamu aliyehusika."

Siwema alishukuru, akaenda zake polisi kuishtaki kompyuta. Jioni askari waliibeba, pingu imefungwa kwenye waya wake. Kihwelo alicheka hadi akashika mbavu.

Kesho yake, benki ikiwa imesimama na wakubwa wakimpigia simu za matusi, alikwenda kituoni mbio kuiwekea dhamana. Alimkuta Siwema benchini na kikombe cha uji, eti amemletea mtuhumiwa.

"Unaifahamu vizuri?" askari alimuuliza Kihwelo, kama wanavyoulizwa wadhamini wote.

"Kuliko mtu yeyote."

"Tukiiachia, haitarudia wizi?"

"Itarudiaje, afande? Hii haihamishi hata shilingi mpaka niiamuru mimi."

Askari akaifungua kompyuta pingu, akaitazama mikono ya Kihwelo. Siwema akamsogezea kile kikombe.

"Kunywa kabla haujapoa, bosi. Nilikuletea wewe."