Bi Mwatumu na Zimwi Lililotaka Shubiri

Wewe unayebetua midomo, kama huamini kwamba mazimwi huoa watu, nenda kalale. Waliobaki wasikilize.

Zimwi lilimwoa Mwanamvua kwa nguvu. Akashika mimba, akakataa chakula. Zimwi likamwita Bi Mwatumu, mjuzi wa mitishamba.

"Mnyweshe shubiri apate hamu ya kula."

"Shubiri hupakwa kwenye jipu. Mwenye mimba hanyweshwi, itamwua mtoto."

Zimwi likaenda kwa bibi, likammeza mbuzi wake, likarudi. "Utamnywesha?"

"Simnyweshi."

Likaenda tena, likameza kibanda cha bibi, makuti na yote, likarudi. "Utamnywesha?"

"Simnyweshi. Na kibanda chenyewe kilikuwa kinavuja."

"Utamnywesha, au nikumeze wewe?"

"Simnyweshi." Bi Mwatumu akatoa majani ya mshubiri kapuni, akayapasua, akajipaka utomvu toka utosini hadi nyayoni. "Haya, meza."

Zimwi likamtia kinywani. Ulimi ukajikunja kwa uchungu, likamtema sakafuni, likaangua kilio.

"Hata watoto huachishwa ziwa kwa shubiri hii hii," akasema bibi akijipangusa mate, "wala hawalii hivyo."

Akamshika Mwanamvua mkono, wakatoka, akaufunga mlango kwa nje.