Insha Iliyoshinda Siku ya Msiba

Sogeeni, lakini asitokee wa kunijibu kabla sijamaliza.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa chuo cha ualimu: Penina aliyekuwa na kisa, Mwanakombo aliyekuwa na kalamu, na Shekidele aliyekuwa na ulimi. Wakaingia pamoja kwenye shindano la insha ya maadili. Zawadi ilikuwa nafasi ya kusoma chuo kikuu, na nafasi yenyewe ni ya mtu mmoja tu.

Penina alitoa kisa chake. Baba yake alipofariki, nyumbani walimpigia simu: "Baba anaumwa kidogo, njoo." Akamnunulia mgonjwa machungwa. Kufika, akakuta turubai na watu wamekaa matanga. Kukisimulia kulimliza upya, ila alikisimulia chote.

Mwanakombo akakiandika, akafuta, akaandika tena, mpaka ukatoka mstari huu: "Mtu anyimwe chakula, asinyimwe msiba wake."

Kazi ya Shekidele ilikuwa kujibu maswali ya majaji. Siku ilipofika, Mwanakombo akiwa jukwaani anasoma, simu aliyomwachia Shekidele ikaita. Akatoka nje kuipokea. Aliyepiga alikuwa kaka yake Mwanakombo.

"Mama hatunaye. Tunazika alasiri. Usimwambie, we mwambie mama anaumwa, aje upesi."

Shekidele akarudi ukumbini, akanyamaza. Akisema sasa, shindano limeharibika. Mara jaji akamgeukia.

"Kijana, ungekuwa na habari ya msiba wa mwenzako, na kumwambia ni kumharibia siku, ungefanyaje?"

"Ningemwambia papo hapo, mheshimiwa." Ukumbi ukapiga makofi, na majaji wenyewe walisema jibu hilo ndilo lililowapa ushindi.

Baada ya matokeo ndipo Shekidele akamweleza mwenzake. Mwanakombo alifika kwao mama ameshazikwa.

Sasa chuo kikuu kinataka jina la atakayekwenda. Shekidele anasema, "Bila jibu langu tungerudi mikono mitupu." Penina anasema, "Machozi yalikuwa yangu, lakini mpeni Mwanakombo." Naye Mwanakombo anauliza, "Nafasi iliyoninyima uso wa mama yangu, niende nayo wapi?"

Roho inaniuma kwa binti yule. Shekidele nakaribia kumchukia, halafu nakumbuka kwamba wenye msiba ndio waliomwagiza asiseme. Ila walimwagiza pia amwambie binti aje upesi.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, nafasi mngempa nani? Na kabla hujataja jina, niambie kweli: simu ile ingeita mkononi mwako, ungemwita Mwanakombo ashuke jukwaani?