Viumbe wa Chini ya Barafu

Hapo zamani, enzi ambazo watu walikwishazoea kusafiri mbali kuupita mwezi, watu watatu walitumwa kwenye dunia ndogo iliyofunikwa na barafu: Nyanzala mchimbaji, Sadala fundi mitambo, na Daktari Riziki. Walitumwa kutafuta kama kuna uhai mwingine usiokuwa wa kwetu.

Nyanzala alichimba barafu siku kumi na moja. Baridi ikamla vidole viwili, hakuacha. Siku ya kumi na mbili akavuta maji, na ndani ya maji mkawa na viumbe wadogo kama punje za ulezi, wanaogelea. Sadala alilia.

Wakawatia tangini, wakaanza safari ya miaka miwili ya kurudi.

Njiani mtambo wa kupoza maji ukazimika. Sadala akaufufua kwa umeme wa chumba chake mwenyewe, akalala kwenye baridi miezi saba. Kifua chake hakikupona tena.

Maji yakabaki baridi, lakini viumbe wakaanza kufa. Riziki akawachunguza, akasema, "Taa hii ya tangini ndiyo inayowaua. Kwao hakuna mwanga."

"Tukiizima tutajuaje kama wako hai?" akauliza Nyanzala, aliyekuwa mkuu wa safari. "Usiiguse."

Riziki akaizima kwa siri. Vifo vikakoma. Walipotua nyumbani na kuchungulia tangini mara moja tu, viumbe walikuwa wameongezeka.

Baraza lililowatuma likasema, "Mmoja wenu atapewa kauli juu ya viumbe hawa. Akishasema, hakuna wa kupinga. Kila mmoja aeleze kwa nini apewe yeye."

Nyanzala akasema, "Mimi ndiye niliyewatoa kwao. Bila mkono huu msingewajua. Nipeni kauli, niwarudishe."

Sadala akasema, huku akikohoa, "Mtambo ule hauwezi safari nyingine, watafia njiani. Nilijinyima joto langu ili wafike hapa. Nipeni kauli, wakae, watoto wetu waje wawaone."

"Wawaone kwa taa gani?" akauliza Riziki. "Nyinyi wawili mliwapenda, na bado walikufa mbele ya macho yenu. Nilivunja amri, nakiri. Nipeni kauli, niwafungie gizani, asiwaone mtu yeyote, hata mimi."

"Sasa tofauti yake na kaburi ni ipi?" akafoka Sadala.

"Viumbe wenyewe wataijua," akajibu Riziki.

Wajumbe wakabishana siku tatu. Kila aliyesimama aliungwa mkono na wengine, na kila aliyeketi alikuwa amepingwa. Siku ya nne fundi wa tangi akaja kusema kwamba viumbe wameongezeka mno, maji hayawatoshi. Wakikaa hapo wiki moja zaidi watakufa wote. Mwenyekiti akawageukia watu waliojaa ukumbini.

Nami nawageukia nyinyi. Mmoja aliwapata, mmoja aliwafikisha, mmoja aliwaelewa. Je, nani alistahili kupewa kauli?