Mkufunzi wa Ari na Kisima cha Simba

Mwaka huo jua lilikausha hata matope, viboko wakaanza kuogea vumbi. Simba akaamuru kisima kichimbwe. Jembe hakuwahi kulishika, lakini kuamuru alikuweza sana. Akamteua Fisi kuwa mkufunzi wa ari, kazi yake kuwatia wenzake moyo.

Somo la kwanza la Fisi lilikuwa kwamba kila mmoja aache alichokizoea. Twiga akapewa jembe; kila akiinama, shingo ilijizungusha kwenye mpini. Kobe akafanywa tarishi, na ujumbe wa Jumatatu ukafika Ijumaa. Fuko, ambaye kuchimba ndiyo raha yake tangu azaliwe, akapandishwa juu ya kichuguu awe mlinzi, yeye asiyeona hata pua yake.

Somo la pili lilisema chakula cha mchana huzima ari. Kila adhuhuri vikapu vyote vikapelekwa kwa mkufunzi, naye kwa moyo mkunjufu akakubali kuzimika peke yake.

Aliyelalamika aliambiwa kasoro ni yake, hajaipenda kazi vya kutosha.

Fuko alikuwa ameshasinzia mara mbili. Simba akamwonya: "Ukisinzia tena, Bi Fuko, tone la kisima hiki hulionji."

Siku ya nane shimo lilikuwa limemfika Twiga magotini tu. Asubuhi hiyo, Fisi akiwa katikati ya mhadhara, Sungura akanyoosha mkono.

"Mkufunzi, wewe mwenyewe huchoka?"

"Mimi? Uchovu nausikia kwa jirani."

"Na kazi unaipenda?"

"Naiota."

Sungura akamgeukia Simba. "Mzee, tunaye mmoja asiyechoka na kazi anaiota. Mbona tunamchelewesha kwa kumsikiliza?"

Simba alikuwa na kiu. Hoja ikamwingia. Fisi akajaribu kueleza kuwa ari ya mkufunzi ni ya kinadharia, ila Twiga alikwishamkabidhi jembe. Akashuka. Hakupiga hata pigo moja: tumbo, pamoja na vikapu vyote vya siku nane, likakwama mdomoni mwa shimo. Miguu ikaning'inia chini, kichwa juu, kama kizibo cha chupa.

Wakamvuta, wapi. Fuko akasikia kelele. Kuacha lindo lilikuwa kosa baya kuliko kusinzia, lakini makucha yalikuwa yanamwasha. Akashuka kichuguuni, akaingia ardhini ubavuni mwa shimo akiimba. Udongo ukaruka. Akapita chini ya Fisi akimtekenya nyayo, na Fisi akacheka mpaka machozi, wa kwanza kulowa mwaka huo.

Kisha mchanga ukawa baridi. Maji yakapanda, yakamsukuma Fisi, pwaa, akatua mapajani mwa Simba, kisha akatimkia kichakani.

Wote wakanywa. Simba, manyoya yakimchuruzika maji, akaamua palepale: chakula cha mchana kirudi kwa wenyewe, na Fisi akae kichuguuni alinde, vikapu avione kwa mbali. Ujumbe wa adhabu akapewa Kobe aupeleke, hivyo Fisi akapata siku nne za wasiwasi.

Fuko akatokea kwenye tundu lake, ametapakaa tope hadi masikioni. Simba akamwambia akapumzike, amefanya kazi ya siku nane kwa asubuhi moja.

"Kupumzika?" Fuko akajipangusa makucha. "Mzee, cha pili tunachimba wapi?"