Maji ya Mfereji wa Juu

"Anayeiga pombe aanze na maji." Nimesema hivyo tu, nanyi mmecheka kana kwamba bibi yenu amelewa. Sijalewa. Hiyo pombe ya Nderingo iliyo kwenye ndoo nimeionja vijiko viwili, na hicho cha pili nilikinywa kwa heshima.

Usinune, Nderingo. Kazi umeifanya. Umeipenda ile pombe chungu ya chupa inayouzwa mjini, ukaazimia kuipika mwenyewe hapa nyumbani ifanane nayo tone kwa tone. Umeagiza shayiri, umeagiza hamira, na yale maua makavu ya kutia uchungu umeyapima kwa mizani kama mtu anayepima dhahabu. Harufu umeipata, sikatai. Lakini uchungu wake unakwaruza koo na hauondoki, wala hujui kwa nini. Nilipokuuliza umepikia maji gani, ukanijibu, "Ya bomba, Bibi. Maji si maji tu?" Hapo ndipo methali ikanitoka.

Mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogezeni vigoda, na hiyo simu izimwe. Chanzo chake ni hiki.

Babu yangu mzaa baba aliitwa Ndewario. Aliishi hapa hapa, kwenye kihamba hiki, shamba letu la ukoo, na sifa zake zilikuwa mbili: ukali wake, na mbege ya mkewe, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Bibi yangu huyo aliitwa Aikaruwa. Ndizi alizoivisha zilikuwa kama za wenzake, ulezi aliouotesha ulikuwa kama wa wenzake, na gome la msesewa la kutia uchungu alilibandua kwenye mti ambao kila mtu aliufahamu. Hata hivyo mbege yake haikuwa na mfano. Uchungu ulikuja ukakaa ulimini kidogo, kisha ukaaga kwa adabu na kuacha utamu. Watu walitoka ng'ambo ya korongo kuja kuinywa.

Ndewario aliringa nayo. Kila palipokuwa na ngoma au harusi alisema, "Nyumba yangu haikosi kitu. Sihitaji chochote cha Mlatie." Mlatie alikuwa jirani yake wa upande wa juu, na hao wawili walikuwa hawasalimiani.

Ugomvi wao ulikuwa wa maji. Ninyi mmezaliwa na bomba, hamjui mfereji ulivyokuwa. Wazee walichimba mifereji kutoka mlimani, kila ukoo na wake, na katika kiangazi maji yaligawanywa kwa zamu. Mwaka mmoja wa ukame mfereji wa babu ulikauka, na wazee wakaamua apewe zamu katika mfereji wa Mlatie, uliotoka kwenye chemchemi ya mwambani. Siku ya zamu yake ilipofika, Mlatie alikataa kufungua. Alisema na yeye miche yake inakufa. Kahawa changa ya babu ikateketea shamba zima, na kahawa hiyo ndiyo ingempeleka shule mwanawe wa mwisho, Sifaeli. Sifaeli ni baba yangu. Shule hakuipata, akaondoka kwa hasira kwenda kukata mkonge huko chini.

Babu alisimama mbele ya wazee akala kiapo: "Maji ya mfereji wa Mlatie hayatapita kooni mwangu mpaka nizikwe. Yakipita, na yaniue." Kiapo cha siku zile hakikuwa maneno ya kupunga mkono. Mtu aliyekivunja alitengwa, na watu walikaa kumsubiri afe.

Ikapita miaka ishirini. Aikaruwa akafariki kwa homa ya siku nne, bila kuaga vizuri. Baba yangu akarudi kwa ajili ya mazishi ya mama yake, akiwa na mkewe, Manka, mama yangu mimi. Walikuwa wamezika watoto wawili wachanga huko mkongeni. Mama alikuwa na neno moja tu moyoni: mumewe hajabarikiwa. Kaka zake wote walibarikiwa na baba yao walipooa. Yeye alioa mbali, akiwa amekasirika, na hakuna aliyemtamkia la heri. Kwa desturi yetu mzee alikunywa funda la mbege, akampulizia mwanawe kifuani huku akimwombea. Mzee akifa kabla ya hapo, basi tena.

Na mzee alikuwa anakwisha. Baada ya msiba aliacha kula, miguu ikavimba, akawa mtu wa kulala. Mama alipomwomba ambariki mumewe, alijibu, "Nitambariki. Lakini wote nimewabariki kwa mbege ya mama yao. Huyu ndiye aliyeumia kuliko wote, siwezi kumpa ya mtu mwingine. Nipikie kama ile."

Mama hakuwa mvivu. Alikwenda kwa kila mwanamke aliyewahi kumsaidia marehemu, akauliza. Alikata ndizi za mgomba ule ule, akazichemsha katika chungu kile kile mpaka zikageuka rangi, akaziacha zichachuke kwa siku zile zile. Akaotesha ulezi, akausaga, akaukorogea uji. Akabandua gome upande ule ule wa mti aliobandua marehemu. Kisha akachota maji kwenye mfereji wa nyumbani, akachanganya, akachuja. Hakuna aliyemwambia lolote juu ya maji, na yeye hakuuliza. Nani huku kwetu huuliza maji? Yanapita mlangoni, yanasikika usingizini.

Akampelekea mzee kata. Mzee akaonja, akaishikilia mdomoni, akameza.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema. "Siyo yenyewe."

Mama akadhani ni gome. Akapika tena, siku saba nyingine, akazidisha msesewa. Wakati huo uvimbe ulikuwa umepanda mpaka magotini. Mzee alionja mara ya pili akakunja uso, akairudisha kata taratibu. "Hii ni dawa," alisema. Hakuwa anamdhihaki. Alisikitika kweli, na mama aliona kwamba anasikitikia muda.

Siku ya soko mama alikwenda kununua ulezi wa mara ya tatu, na pale kwenye ulezi akashindwa kujizuia, akalia mbele za watu. Mwanamke mzee aliyekuwa ameketi na mikungu yake ya ndizi akamvuta mkono, akamkalisha. Alikuwa Ndealilia, mke wa Mlatie.

"Mke wa Sifaeli, unalilia nini?"

Mama alijua hapaswi kuzungumza na watu wa nyumba ile, lakini mwenye shida hachagui wa kumwambia. Akamweleza yote, toka ndizi mpaka gome. Ndealilia alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na maji unachota wapi?"

"Mferejini kwetu."

"Huo wa udongo mwekundu, unaopita kwenye mazizi ya watu watano?" Ndealilia akatikisa kichwa. "Mwanangu, Aikaruwa hakuwahi kupikia maji hayo. Tuliolewa mwezi mmoja, mimi na yeye. Waume zetu walipogombana, sisi hatukugombana. Kila alipopika alikuja alfajiri na mtungi wake kwenye mfereji wetu wa juu. Maji ya mwambani hayaushiki uchungu, yanauachia uende. Chota, sitakuzuia. Lakini ujue unachota nini."

Mama alijua. Alirudi nyumbani na ulezi kichwani na jiwe kifuani. Asipochota, mzee atakufa na mumewe hatabarikiwa. Akichota, atamvunjisha mzee kiapo chake mwenyewe, mtu aliye kitandani. Na kulikuwa na jambo baya zaidi: kiapo hicho kilikuwa kimekwisha kuvunjwa, mara nyingi, na aliyekivunja alikuwa marehemu mkewe, ambaye mzee alimpenda kuliko wote. Alimwambia baba yangu. Baba akasema, "Pika. Lakini usimwambie. Anywe, abariki, alale." Mama akakubali.

Akachota alfajiri. Akapika.

Siku ya nane mbege ilikuwa tayari. Walimwinua mzee, wakamwegemeza kwa mablanketi. Baba akapiga magoti mbele yake, kifua wazi. Mama akatoa kata kwa mikono miwili. Mzee akanywa funda moja, akafumba macho, na chozi likamtoka upande mmoja.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Aikaruwa wangu." Akanywa tena. Kisha akafumbua macho, akamtazama mama kwa furaha kabisa. "Sasa niambie, mwanangu. Zile mara mbili ulikosea nini?"

Baba akamkazia mama macho. Kulikuwa na majibu mengi mepesi. Gome. Ulezi. Moto ulizidi. Mama aliniambia kwamba midomo yake ilikwisha kufunguka kusema "gome," akashindwa. Aliona kwamba baraka inayotoka juu ya uongo, yeye mwenyewe asingeiamini, na angekaa maisha yake yote akiitilia shaka.

"Nilikosea maji, baba."

"Maji gani?"

"Haya nimeyachota mfereji wa juu. Wa Mzee Mlatie. Na mama naye alikuwa akichota huko, kila alipopika. Nisamehe, baba. Nitolee hasira mimi, usimtolee yeye."

Mzee aliitazama ile kata, akaigeuza kidogo, kama anayetafuta kitu ndani yake.

"Kwa hiyo nimeyanywa miaka ishirini," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nikisimama kwenye harusi za watu na kata mkononi, nikisema sihitaji chochote cha Mlatie."

Mzee akaanza kutikisika mabega, wakadhani amezidiwa, kumbe analia. Alilia kilio cha mtu mzima asiyezoea, kibaya kusikia. Alipomaliza alisema neno moja: "Mwiteni."

Mlatie alikuja akiwa na fimbo mkono mmoja na jani la isale mkono wa pili. Ninyi isale mnaiona mipakani mwa vihamba, hamuulizi maana yake. Mtu akikuletea jani lake, anakuomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Mlatie aliliweka kitandani.

"Ile siku ya zamu nilikosa," akasema. "Nilijua nakosa. Nilimwonea mwanao."

"Ulijua mke wangu anachota kwako?" babu akamwuliza.

"Nilijua. Ndealilia alifikiri sijui. Nikimwona Aikaruwa anakuja na mtungi, nilikuwa nageuka na kwenda nyuma ya nyumba mpaka apite."

"Kwa nini hukusema? Ungewafanya watu wa kijiji kizima wanicheke."

Mlatie aliangalia chini. "Ningesema, ungeacha kunywa. Na ndicho kitu pekee changu ulichokuwa unakipokea."

Hapo babu akaisogeza kata mbele. Mlatie akanywa, akarudisha. Wakaimaliza wawili hao, kwa zamu. Zamu ile iliyokataliwa miaka ishirini nyuma ikatimizwa siku hiyo kitandani pa mgonjwa, kwa kata moja ya mbege.

Kisha babu akaomba kata ya pili. Akachukua funda, akampulizia baba yangu kifuani, akasema maneno ambayo baba hakupata kunisimulia, kwa sababu kila alipojaribu sauti ilikatika. Akampulizia na mama pia, ambaye hakuomba. Halafu akawaambia wanawe wote waliokuwa wamesimama pale mlangoni:

"Mmekuwa mkiniiga. Mmeuiga ukali wangu, mmeniiga kununa, mmeniiga kiapo. Mmedhani hivyo ndivyo nyumba hii ilivyosimama. Kumbe ilisimamishwa na maji ambayo hata mimi sikuyajua. Mkitaka kuiga kitu, msiige kile mnachokiona ulimini. Anayeiga pombe aanze na maji."

Alifariki siku ya tatu. Watu walisema kiapo kimemwua, na mama akawajibu kwamba kiapo gani hicho kinachosubiri miaka ishirini. Waliobeba jeneza mbele walikuwa baba yangu na Mlatie, mzee yule, fimbo yake ikiwa imebebwa na mtu mwingine.

Hivyo, Nderingo, sikukudharau. Umempima yule mpishi wa mjini kwa mizani, umejua kila alichotia. Hujamwuliza alianzia wapi. Ukitaka, alfajiri nitakuonyesha njia ya mfereji wa juu. Bado unatoka maji, na wajukuu wa Mlatie hawamkatazi mtu. Lakini usiende kwa sababu ya pombe peke yake. Utakapotaka kuwa na ndoa kama ya fulani, au nyumba kama ya fulani, au jina kama lake, utaona vitu vyote anavyovitia, na utavitia, na bado vitakukwaruza koo. Siku hiyo ujiulize ni nani alikuwa akimchotea alfajiri, na ni nani aliyegeuka nyuma ya nyumba asimwaibishe.

Anayeiga pombe aanze na maji.